Kidole Kimoja Kati ya Tairi na Madigadi

Mwaka niliotimiza hamsini nilijinunulia gari la spoti. Jekundu, la milango miwili, la kutoka Japani, lenye viti viwili mbele na huko nyuma kitu kinachoitwa kiti na watu ambao hawajawahi kukikalia. Nilikuwa nimefundisha hisabati miaka ishirini na sita, nikiendesha vigari vya busara muda huo wote, na siku moja nikaamua kwamba busara imenitosha. Sitamwomba mtu msamaha kwa hilo. Nikiliwasha asubuhi pale Gatitu ninapoishi, nilikuwa najisikia kama mwanafunzi aliyeambiwa mwalimu hakuja.

Mtu wa kwanza niliyetaka kumwonyesha alikuwa mama yangu. Mama anaishi Wamagana, kwenye shamba la majani chai alilozalia watoto wake na kumzikia mume wake. Kutoka barabara kubwa mpaka kwake unaacha banda la kupimia majani, unateremka kinjia cha udongo mwekundu kama nusu kilomita, na penye kona, katikati kabisa ya njia, kuna jiwe. Si jiwe la kuviringishwa. Ni kichwa cha mwamba wa kilima kilichochungulia nje na kukataa kurudi ndani. Pikapu za majirani hulipita bila hata kujua lipo. Mimi nilisimama mbele yake, nikashuka, nikainama hadi shavu langu karibu liguse udongo, na nikaona kwamba tumbo la gari langu liko chini kuliko kichwa cha jiwe. Basi nikarudi kinyumenyume mpaka kwenye banda la majani, nikaliacha hapo, nikaenda kwa miguu.

Mama alipanda mwenyewe kuja kuliona, maana siku hizo nyonga yake ilikuwa bado nzima. Alilizunguka mara mbili. Akagonga paa kwa kidole, akachungulia kiti cha nyuma.

"Sasa hii inabeba nani?" akauliza.

"Inanibeba mimi, Mama."

"Na gunia?"

"Gunia halitoshi."

Akasema, kwa Kikuyu, lakini kwa Kiswahili chake ingekuwa hivi: "Hii ni gari ya mtu hana watu."

Alisema bila hasira, kama anayesema mvua itanyesha, akageuka kwenda kuangalia ng'ombe. Nilicheka. Lakini nilipokuwa nikirudi Gatitu, yale maneno yalikaa kwenye kiti cha pili njia nzima. Mimi sikuolewa na sikuzaa. Kwetu hakuna anayekutukana kwa hilo, wanakuachia tu kiti cha pembeni harusini na kukuuliza habari za kazi. Kwa hiyo neno lile liliniuma, na liliniuma kwa sababu limetoka kwa Mama na kwa sababu gari lenyewe lilikuwa linamuunga mkono.

Nikaendelea hivyo miaka miwili: gari kwenye banda la majani, mimi kwa miguu mpaka nyumbani, Mama akiniuliza habari za shule na kamwe si habari za gari. Kisha nyonga yake ikaharibika. Akawa hatoki nje ya boma. Kanisani hakwenda tena. Mchungaji ndiye aliyekuja kwake.

Ndipo dada yangu mdogo, aliyeolewa Kiriaini, akajifungua mtoto wa pili wa kike. Msomaji wa kwetu ameshaelewa. Binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, wa pili huchukua la mama wa mama. Mtoto huyo alikuwa Mama. Jina lake la miaka themanini lilikuwa limezaliwa upya na limelala Kiriaini likinyonya, na mwenyewe alikuwa hajaliona.

Nilimwambia tutamkodia jirani pikapu. Mama alinitazama kama niliyemwambia tukaibe.

"Niombe watu gari na niko na mtoto ako na gari?"

"Gari langu halifiki hapa, Mama."

"Basi ifike. Kama itafika kwa hii mlango yangu, naenda nayo. Kama haifiki, mtoto atangoja nipone."

Kupona nyonga kwa mtu wa umri huo, sote tulijua ni kusubiri nini. Nikamwambia Jumamosi ya wiki ijayo nitakuwa mlangoni. Sikujua nitafikaje, lakini nilishatamka, na mwalimu akishatamka tarehe ya mtihani hairudishi.

Nyuma ya soko dogo la Gatitu kuna fundi wa tairi niliyemfundisha kidato cha pili hadi cha nne. Hisabati ilimshinda. Leo ana mashine ya kuvulia tairi, ana jeki nne, ana wateja kutoka Karatina, na ananiita Mwalimu kwa heshima ile ile ya zamani, iliyochanganyika na kicheko kidogo kwenye kona ya mdomo. Nilimweleza shida yangu.

"Mwalimu, watu wananiletea hizi gari nizishushe chini," akasema. "Wewe unataka niipandishe?"

"Kidogo tu. Milimita kumi na tano."

Nilikuwa nimekwisha kulipima lile jiwe kwa rula ya ubaoni na uzi. Ili tumbo lisiliguse, gari lilitakiwa kuinuka milimita kumi na tano. Hapo hisabati yangu ikaamka, na nakiri kwamba siku zilizofuata zilikuwa za furaha tupu.

Kila tairi imeandikwa ubavuni ukubwa wake, na watu wengi hupita karibu na maandishi hayo maisha yao yote bila kuyasoma. Tairi zangu zilisema 215/45, kisha 17. Maana yake ni hivi: upana wa milimita mia mbili na kumi na tano, kimo cha ubavu ni asilimia arobaini na tano ya upana huo, na rimu iliyo katikati ni ya inchi kumi na saba. Zidisha, jumlisha, na utapata kwamba gurudumu zima lina kimo cha milimita mia sita na ishirini na tano. Ukitaka gari lipande kumi na tano, gurudumu lazima lirefuke thelathini, kwa sababu nusu ya urefu unaouongeza inabaki juu ya ekseli na haikusaidii kitu. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kama ningemfundisha hivi darasani, labda angenielewa.

Vijana waliokuwa wamekaa pale wakisubiri gari zao walinishauri niweke rimu za inchi kumi na nane. Walisema zitapendeza. Nikawaambia zitapendeza kweli, lakini rimu kubwa huzaa tairi nyembamba, na kinachovuka jiwe ni mpira, si chuma. Mimi nilitaka kurudi chini, inchi kumi na sita, halafu nivishe tairi yenye ubavu mnene. Mmoja akashika kichwa. Akasema ni kama kumvua bibi harusi viatu na kumvalisha gambuti. Nikamjibu kwamba bibi harusi wangu anaenda Wamagana.

Kazi ikawa kuzitafuta rimu. Rimu haziingiliani ovyo. Gari langu lina nati tano zilizokaa kwenye duara la milimita mia moja, na rimu nyingi zinazouzwa Nyeri zina matundu matano pia, lakini duara lao ni kubwa zaidi kwa upana wa kidole. Ukizitazama kwa macho zinafanana. Nilikata karatasi ya manila, nikaigandamiza kwenye nati zangu mpaka ikapata alama tano, nikaitoboa, na nikawa natembea nayo kwenye mkoba. Kila baada ya vipindi nilikuwa kwenye vibanda vya vipuri, nikipachika manila yangu kwenye rimu za watu. Wauzaji walinizoea. Mmoja aliniuliza kama ni utafiti wa serikali. Seti ya kwanza iliyokubali matundu ilikataa breki, chuma kikagonga chuma kabla gurudumu halijazunguka. Seti ya pili niliipata Karatina siku ya soko, nyuma ya mama anayeuza mitumba, na ilikaa kana kwamba ilikuwa inanisubiri.

Zikabaki tairi. Nikachagua 215/60 kwa 16. Kimo chake ni milimita mia sita na sitini na nne, yaani gari linapanda kumi na tisa na nusu. Jiwe linataka kumi na tano. Nilipata jibu na chenji juu. Nilijua pia kwamba mshale wa spidi utaanza kudanganya, kwamba ukisema themanini mimi nitakuwa kwenye themanini na tano, na hata hilo nililipigia hesabu nikalibandika kwenye dashibodi.

Fundi alipomaliza kuzifunga hakutumia rula. Aliingiza kidole chake cha shahada juu ya tairi la nyuma, kati ya mpira na madigadi, akakisukuma polepole. Kikaingia kwa shida.

"Mwalimu, hapa pamebana. Mimi hupenda kidole kiingie kikitembea."

"Kidole cha nani? Kila mtu na kidole chake. Ndiyo maana kuna milimita."

"Niko na 205/60. Ni nyembamba kidogo, na ni fupi kidogo."

"Hiyo inanipa kumi na tatu na nusu. Jiwe linataka kumi na tano. Umefeli."

Akacheka. Kisha akauliza swali ambalo nalikumbuka mpaka leo.

"Sasa hii gari itabeba nini?"

"Mimi, Mama na mkoba wake."

"Huko nyuma?"

"Hakuna kitu."

Yeye ni mtoto wa Tetu, upande wa kwa Mama, kalelewa na nyanya, anayemwita shosho. "Shosho anaenda kuona mtoto," akasema, "na huko nyuma hakuna kitu?"

Nilimwonyesha hesabu yangu kwenye simu. Akanyamaza, kama alivyokuwa akinyamaza darasani nilipokuwa nimekosea ubaoni na yeye hakutaka kuniaibisha. Alichosema tu ni kwamba zile 205 hataziuza mpaka Jumatatu.

Jumamosi nilifika Wamagana umande haujakauka. Penye banda la majani sikusimama. Nikateremka, nikafika kwenye kona, nikapunguza mwendo, nikalipitisha jiwe katikati ya magurudumu, na sikusikia chochote. Hata mkwaruzo. Nilipiga honi mara tatu peke yangu kinjiani, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, na ndege wakaruka kutoka kwenye chai. Nikaingia bomani na kusimama hatua mbili kutoka mlangoni kwa Mama.

Alitoka na fimbo yake, kavaa sweta jipya na kitambaa cha kanisani. Hakuliangalia gari. Aliangalia magurudumu.

"Kwani ile ilikuwa mbaya ni miguu?"

"Ni jiwe, Mama. Lile la kwenye kona. Lilikuwa linagusa tumbo."

"Jiwe?" Akasimama pale akiegemea fimbo. "Miaka mbili unaacha gari huko juu ni jiwe? Mimi nilikuwa nasema ati unaona haya kuleta gari nzuri kwa hii nyumba."

Miaka miwili nilidhani anaona haya kwa ajili ya gari langu, na miaka hiyo hiyo alidhani naona haya kwa ajili ya nyumba yake. Tulikuwa tumepishana kwenye kona moja kila wiki, na katikati yetu kulikuwa na jiwe ambalo hakuna aliyelitaja. Nilimshika mkono. Akaniambia nisimbane, anashikilia fimbo.

Kisha akaita majirani wake wawili, wanawake wa rika langu, na vitu vikaanza kutoka jikoni.

Nusu gunia la viazi lilitoka kwanza. Ukafuata mkungu wa ndizi, maboga matatu, mtungi wa lita ishirini wa uji wa wimbi uliochachuka vizuri, unga mwingine wa uji ukiwa mkavu, na mwisho mzigo wa kuni, umefungwa kwa kamba, umepasuliwa kwa urefu mmoja.

"Mama, wanapika kwa gesi."

"Mzazi haoti gesi."

Nilikunja kile kiti cha nyuma, ambacho hatimaye kilipata kazi, na wale wanawake wakapanga. Walipanga kama wanavyopanga mgongoni, kizito chini, na nafasi iliyobaki wakaiziba kwa mahindi mabichi. Hapo ndipo ningepaswa kufungua mdomo. Lakini ni nani atakayemwambia mwanamke anayekwenda kuona mtoto apunguze mzigo? Mkono mtupu haulambwi, na huyu mtoto alikuwa yeye mwenyewe, alikuwa anajipelekea. Kumwingiza Mama kwenye kiti cha mbele kulituchukua sisi watatu robo saa, maana kiti kile kiko chini, na nyonga yake ilitaka kushushwa kwa awamu. Alipofika chini alitulia, akafunga macho, akasema hatoki humo mpaka Kiriaini.

Nikawasha. Tulipogeuka tu langoni, huko nyuma kukasikika sauti: krrr. Nikanyoosha usukani, ikaendelea. Kwenye kila shimo, krrr. Nikashuka, nikatazama. Tairi la nyuma lilikuwa limeingia ndani ya madigadi kama kuku aliyejificha mvua. Kidole hakikuingia. Hata karatasi ya manila isingeingia.

Nilisimama pale na kufanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya wiki moja kabla. Viazi, uji, kuni, maboga, ndizi: zaidi ya kilo mia moja, na Mama sijamtia. Springi zimelala. Nilikuwa nimepima kila kitu kwa usahihi, nati, breki, ubavu, duara, hata uongo wa mshale wa spidi, na vyote nilivipima gari likiwa tupu. Nilikuwa nimelipimia viatu gari la mtu asiye na watu. Mama alisema neno hilo mara moja tu, mimi ndiye niliyelikubali na kulifanyia hesabu. Machozi yalinitoka, nikajifanya nainama kuangalia tairi upande wa pili.

"Imekuwa nini?" Mama akaita kutoka ndani.

"Tairi linakwaruza. Mzigo ni mwingi. Ama tupunguze..."

"Punguza tairi. Ndizi hapana."

Na bado kulikuwa na jiwe. Gari lilikuwa limeshuka, chenji yangu yote imeliwa na viazi. Wale majirani wawili walikuja nyuma yetu kutusindikiza, wakasimama kwenye kona wakalitazama jiwe, wakanitazama mimi. Mmoja akauliza, kwa upole kabisa, kwa nini nisiweke kitu magurudumu yakanyage. Wakaenda kando ya njia, wakarudi na mawe mawili bapa, yale ya kufulia nguo, wakayalaza kila upande wa jiwe na kuyashindilia kwa udongo. Nikapanda juu ya mawe polepole, nikateremka ng'ambo. Ilichukua dakika tano. Wiki nzima ya vibanda vya vipuri, safari ya Karatina, manila, rula, na jibu lilikuwa mawe mawili ya kufulia.

Mama alikuwa ameyaona yote kupitia kioo. "Mchagua jembe si mkulima," akasema. Nilicheka mpaka nikashindwa kubadilisha gia.

Kutoka hapo tulikwenda kama maandamano ya mazishi, krrr kwenye kila tuta, hadi Nyeri, na badala ya kushika njia ya Othaya nikapitiliza mpaka Gatitu. Fundi alikuwa amekaa nje. Tairi nne za 205/60 zilikuwa zimepangwa kando ya mlango. Sijui alizitoa saa ngapi, na sikumuuliza.

"Shosho, shuka kidogo unywe chai nikubadilishie," akamwambia Mama.

"Kijana yangu, nimeingia hapa kwa shida. Fanya nikiwa ndani."

Alikuna kichwa. Akaleta vigogo na stendi za chuma, akaweka chini ya gari kila mahali panapokubali kuwekwa, na akaanza na gurudumu moja moja, taratibu, huko nyuma akikunja kwa nyundo ukingo wa madigadi uingie ndani, Mama akiwa ameketi juu ya yote na kikombe cha chai mkononi. Upande wake ulipoinuliwa alitazama nje, akaona paa la banda liko karibu.

"Sasa hapa ndiyo gari imefika urefu ya gari," akasema. Wale vijana wa rimu za inchi kumi na nane walishika matumbo kwa kucheka. Mmoja alikwenda kumletea mandazi.

Gari liliposhushwa chini mara ya mwisho, fundi hakupima. Alinipisha.

"Mwalimu, pima wewe. Sasa iko na kila kitu."

Nilitoa rula kwenye mkoba, kwa mazoea. Kisha nikairudisha. Nikachuchumaa nyuma ya gari langu, likiwa na viazi, na uji, na kuni, na mama yangu akitafuna mandazi, nikaingiza kidole kati ya tairi na madigadi. Kikaingia, na kikatembea, kutoka mwanzo wa upinde hadi mwisho.

"Umepita," nikamwambia. Na huyo mwanafunzi wangu, mwenye familia yake na mashine yake, akafurahi waziwazi.

Njia ya Othaya mpaka Kiriaini ni lami, nayo ina kona nyingi, inashuka mtoni na kupanda tena, chai huku na huku. Gari lile lilitengenezewa njia kama hiyo. Likiwa limebeba nyumba nzima lilikaa barabarani vizuri kuliko nilivyowahi kulisikia, kimya, limetulia, hakuna krrr. Mama alishika mkanda kwa mikono miwili mpaka tukaivuka Othaya. Kisha akaachia mkono mmoja. Baadaye kidogo pikapu ikatupita, na akageuza shingo kuisindikiza kwa macho.

"Hiyo inatupita kwa nini?"

"Ina haraka, Mama."

"Na sisi tuko na gari ya namna gani?"

Basi nikakanyaga. Si sana, mimi ni mwalimu. Lakini injini ilibadilisha sauti, tukaipita ile pikapu kwenye mpando, na nilimsikia mama yangu akicheka kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu baba yangu alipokuwa hai, kicheko kirefu kinachotoka tumboni. Huko nyuma maboga yaligongana. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kubwa kuliko ile, na kama niliwahi, siikumbuki.

Dada yangu alitusikia kabla hajatuona. Alitoka hadi kwenye uwanja wa nyumba yao, mtoto mikononi amefunikwa shuka, mume wake nyuma yake. Niliharakisha kwenda kumfungulia Mama mlango na kuanza hesabu ya kumtoa: mguu huu kwanza, nyonga baadaye, fimbo hapa. Mama akanizuia kwa mkono.

"Ngoja. Mleteni hapa."

Dada yangu akainama, maana kiti kiko chini, akamweka mtoto kwenye mapaja yake. Mama alifunua shuka. Wakatazamana muda mrefu, wenye jina moja, mmoja akiwa na miaka themanini na mwingine siku kumi na tatu. Alimpulizia mate kidogo kifuani kwa baraka, kama wazee wetu wanavyofanya, akamwambia mambo ambayo sikuyasikia na hayakuwa yangu. Dada yangu alikuwa analia huku anacheka. Mimi nilikuwa nimeshika mlango.

Halafu Mama akainua uso, akaniangalia.

"Washa," akasema. "Asikie gari yetu."

Nilizunguka kwenda upande wa dereva. Nilipofika nyuma nikainama, siwezi kueleza kwa nini, labda ni mazoea ya wiki ile. Viazi vilikuwa bado ndani, na kuni, na uji, na Mama, na sasa huyu mwingine ambaye sikuwa nimempigia hesabu. Nikaingiza kidole juu ya tairi. Kikapita.

Nikaingia, nikawasha.